Nyuki Weupe wa Siakago

Mimi ni mtu wa kushuku, na sijifichi. Ukinisalimia kwa uchangamfu uliopita kiasi nashika mkoba wangu kwanza, ndipo niitikie. Ugonjwa huo niliupata Siakago, kwa nyanya, na ulinirudia wote Jumapili iliyopita hapa kwangu mtaani Majimbo. Binti yangu alikuwa ameweka filamu kwenye runinga. Mjomba wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Timau kwa mara ya kwanza, akaweka kikombe cha chai chini na kusema, "Hii naijua. Ngojeni, mbele iko na nyuki."

Nikaangalia. Mpelelezi mwenye koti refu, taa mkononi, anahoji milango na viti, navyo vinamjibu vimemwona nani. Nikaitambua mimi pia.

Likizo zetu zilikuwa za vumbi, rafiki yangu. Asubuhi ni punda na mitungi ya maji, mchana kupukuchua kunde hadi vidole viume, jioni kanga wanapiga kelele vichakani na uji wa mawele unatokota. Jirani ya nyanya alikuwa mrina asali, mzee mwembamba asiye na maneno mengi, na mjukuu wake ndiye aliyekuwa rafiki yangu. Msichana huyo tuligawana kila kitu, hata chawa.

Mwaka ule mjomba alikuwa aoe. Kwetu huendi kwa wakwe mikono mitupu. Lazima asali itangulie, tena si ya dukani, ni ya mizinga ya ukoo. Mizinga ya marehemu babu ilining'inia kwenye migunga ng'ambo ya korongo, kila mmoja umechongwa alama yetu, na nyanya alikuwa ameihifadhi kwa ajili ya siku hiyo tu. Siku ya kurina ikafika, jirani akapanda na moshi wake, akafungua mmoja, akafungua mwingine, akaimaliza yote. Akashuka akitikisa kichwa. Masega yalikuwa yameshakatwa.

Sasa nani mwingine angepanda kule? Hapo ndipo kijiji kilipoanza kutazamana kwa pembe ya jicho. "Nyuki wanamjua yeye tu," wanawake walisema mtoni, na yeye akipita wananyamaza na kuinamia mitungi. Nyanya hakumtukana. Alifanya baya zaidi, aliacha kumsalimia. Mimi nikapigwa marufuku kuvuka ua kwenda kwa rafiki yangu. Kisha nyanya akanunua chungu kipya sokoni, akakiweka juu ya dari ya jikoni, na sote tukajua ni cha nini. Wazee wangekivunja mbele ya watu na kumlaani mwizi avunjike vivyo hivyo, yeye na kizazi chake. Kizazi chake! Ikiwa mwizi ni yule mzee, kizazi chake ni yule msichana mwenye chawa wangu. Nililia hadi nikapata kwikwi, na nilipomaliza kulia nikaanza kunusa watu, nikitafuta harufu ya asali. Kweli nakwambia, nilinusa kila aliyepita karibu nami, hata mwalimu wa Sunday school.

Siku ya soko alasiri, watoto na wakubwa tulijazana kwenye video, chumba cha mabati nyuma ya duka, jenereta inanguruma nje. Kando ya runinga alisimama mtafsiri na kipaza sauti. Lugha za zile filamu nashuku hakuzijua hata moja, lakini tulimwamini kuliko mhubiri. Siku hiyo aliweka hii ya mpelelezi wa taa. Mji wa picha ulikuwa wa ajabu, vitu vyeupe vinaanguka kutoka mbinguni, vidogo, vingi, vinazungukazunguka. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona theluji.

"Mnaona hizo nyeupe?" mtafsiri akapaza sauti. "Ni nyuki, watu wangu! Nyuki wa mpelelezi! Wametumwa kutafuta mtu ameiba asali. Na harufu ya asali ya wenyewe haitoki kwa vidole, hata uoshe na jivu. Utahama, watakufuata tu!"

Watu wakacheka, lakini si kicheko cha kawaida. Rafiki yangu, aliyekuwa amejipenyeza hadi karibu nami, akanifinya. "Wacha video," akaninong'oneza. "Angalia nyuma."

Nikageuka. Kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango, mjomba wangu alikuwa ananusa vidole vyake. Polepole, kimoja kimoja. Kisha akausukuma mkono mfukoni na kutoka kabla filamu haijaisha.

Jioni hiyo nilimweleza nyanya tukipukuchua kunde. Aliniuliza mara moja tu, "Umeona na macho yako?" Kisha akasimama, akakishusha kile chungu kipya, akakibandika motoni na kumimina kunde ndani. Chungu kikishapika chakula hakifai tena laana. Bakuli la kwanza alimpelekea jirani yeye mwenyewe, na nikamsikia akimsalimia kwa sauti, kusudi majirani wasikie.

Mjomba hakurudi nyumbani tena. Baadaye tukasikia yuko Timau, kwenye mashamba ya ngano. Watu walisema hakumtaka yule mchumba na hakuwa na mdomo wa kumwambia mamake, akaona heri asali ikosekane. Hakuoa kamwe. Hata tulipomzika nyanya alisimama mbali, barabarani, kola imepandishwa hadi masikioni. Mimi nilidhani ni kiburi, na nilimchukia.

Kuhusu mtafsiri, rafiki yangu alinieleza siku tuliyomzika babu yake, yule mrina asali. "Guka alimwona mjomba wako akishuka mtini," aliniambia. "Lakini angesema nani amwamini, na ni yeye mnashuku? Na utaambiaje mama ati mtoto wake ni mwizi? So akaenda kwa yule wa video, akamwambia, tafuta mahali uweke nyuki."

Chumba kile sasa ni duka la simu, na migunga iligeuzwa makaa. Filamu za siku hizi huja na maneno yake hapo chini, sahihi kabisa, na hakuna anayesimama kando ya picha akijua shida za waliokaa kwenye mabenchi. Naukosa uongo ule, nakuapia.

Basi Jumapili, vile vitu vyeupe vikaanza kuanguka kwenye runinga. Mjomba akakaza mgongo. Mkono wake wa kulia ukajikunja.

"Ndio hao."

"Hiyo ni snow, guka," binti yangu akasema.

"Ni nyuki."

"Ni snow. Ona, ameishika."

Mpelelezi alikuwa amefungua kiganja, na kile cheupe kikayeyuka kikawa maji. Mjomba aliangalia hadi picha ikabadilika. Kisha akanigeukia kwa macho ninayoyajua sana, kwa sababu ni yangu.

"Kwa hivyo hawakuwa wananifuata."

"Hapana, mjomba."

"Na chungu? Mama alikivunja siku gani?"

Miaka yote hiyo alidhani amelaaniwa.

"Hakukivunja. Alikipikia kunde, siku ile ile uliyoondoka. Alikuwekea bakuli lako kando ya moto, akalifunika, na akatukataza kuligusa."