Nilijua Jumatano, Fomu Ikafungwa Ijumaa

Msinionee huruma. Nasema mapema kabisa, maana najua tabia yetu wasomaji wa kurasa hizi: mtu akikiri kosa tunamwambia pole ndugu, wewe ni binadamu, yatapita. Mimi sitaki pole. Nimemkosesha binti wa watu chuo kwa hesabu ya darasa la sita, na nilipopata nafasi ya kurekebisha nikanyamaza. Nilinyamaza makusudi!

Mimi ni Mtanzania, naishi Johannesburg, nafundisha hisabati kwenye shule ndogo ya binafsi hapa mjini. Kila Jumamosi asubuhi sisi watu wa Kiswahili, yaani Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania, tulikuwa tunakutana kwenye ukumbi wa kanisa kule Braamfontein. Kazi yangu pale ilikuwa kuwasaidia vijana kujaza fomu za vyuo na za ufadhili. Sikumtoza mtu chochote. Wakanipa jina: Profesa.

Profesa wa nini? Nina digrii moja, na ya pili nimeiacha njiani. Lakini jina lilininogea, jamani! Mama akinyanyuka kunipisha kiti nilikuwa nakaa bila hata kusema asante.

Katika watu wa ukumbi ule alikuwepo Papa Neema, Mkongo wa Bukavu, fundi cherehani wa Doornfontein. Huyu mzee si mtu wa mbali kwangu. Nilipofika mji huu sina pa kulala, ndiye aliyenilaza kwenye chumba chake cha kazi wiki tatu nzima, katikati ya vipande vya vitambaa, na mkewe akanipikia ugali na sombe, kisamvu cha kwao, kama mtoto wake wa kuzaa. Kumbukeni hilo mnapoendelea kusoma, ili mnichukie vizuri.

Binti yao Neema alikuja hapa akiwa mdogo. Kiswahili anakisikia chote ila akiongea anachanganya. Mwaka 2017 alimaliza mwaka wa kwanza wa uhandisi. Ada ya mwaka huo walichanga waumini, na walisema wazi kwamba mwaka wa pili hawataweza. Ila mwaka huo huo familia ilipata ukaazi wa kudumu, baada ya kusubiri miaka na miaka, kwa hiyo kwa mara ya kwanza Neema aliruhusiwa kuomba ufadhili wa serikali. Sharti kubwa lilikuwa moja: wastani wa sitini na tano au zaidi. Asiyefikisha asijisumbue kuomba.

Basi Jumamosi moja ya Januari 2018 wakaja wote wawili, baba na binti, na ukurasa wa kwanza wa fomu na karatasi ya matokeo. Ukumbi ulijaa, watu kama kumi na tano wananisubiri kwenye foleni. Masomo yalikuwa sita. Hisabati 72, fizikia 70, kemia 66, uchoraji wa kiufundi 61, kompyuta 55, mawasiliano 54. Pembeni kulikuwa na safu nyingine ya namba, moja kwa kila somo: 30, 30, 20, 16, 12, 12. Huo ndio uzito wa masomo. Uliandikwa pale waziwazi, mbele ya macho yangu haya mawili!

Mimi nikajumlisha alama tu. Zikaja 378. Nikagawanya kwa sita.

"Sitini na tatu," nikasema.

"Eish, Anko," Neema akashika kichwa. "Si wanataka sitini na tano?"

Papa Neema akainama juu ya karatasi, miwani imeshuka puani.

"Profesa, samahani," akasema. "Maxima iko wapi?"

Niwaeleze, maana wengi hamjui. Kwa Wakongo, tangu shule ya msingi, kila somo lina maxima yake, yaani alama za juu kabisa linazoweza kutoa. Somo kubwa lina maxima kubwa, somo dogo lina maxima ndogo. Mtoto anajumlishiwa alama zote alizopata, zinapimwa juu ya jumla ya maxima zote. Kwa hiyo mzazi wa Kikongo, hata kama hakuenda mbali na shule, akishika karatasi ya matokeo jicho lake linatafuta maxima kwanza.

Mzee akaweka kidole chake cha sindano juu ya ile safu ya pembeni.

"Hii njo maxima. Angalia. Math iko na makumi tatu, hii ya kompyuta iko na kumi na mbili. Haziko sawa, huwezi kuzigawanya sawasawa. Kule kwetu hata mutoto wa primaire anajua hii."

Watu wawili watatu kwenye foleni wakacheka. Walikuwa wanacheka Kiswahili chake tu, hawakunicheka mimi, lakini moyo wangu ulichukulia vingine. Fundi cherehani ananifundisha mimi hesabu? Mbele za watu?

"Papa Neema," nikasema kwa sauti ya kusikika hadi nyuma, "hapa si Bukavu. Hizo ni namba za ofisi. Wewe shona suruali, hesabu niachie mimi."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Neema akaona aibu, akamvuta baba yake mkono wa koti. "Papa, wacha, please. Anko ndiye anajua."

Mzee akatabasamu. Akaondoa kidole, akakaa.

Na hapo bado sijamaliza ujinga wangu. Nikamwonya Neema kwamba akiandika sitini na tano wakati ana sitini na tatu, huo ni uongo, watamfungia asiombe tena maishani. Mtoto mtiifu yule, akakunja fomu akaiweka kwenye begi. Mimi nikaita anayefuata.

Hadi hapo mnaweza kusema nilikosea, na kila mtu hukosea. Ngojeni.

Jumatano yake, baada ya vipindi, akanijia shuleni Egide, kijana wa Kirundi, naye mwanachuo, anaomba ufadhili huo huo. Alikuwa amechapisha fomu yote. Sisi Jumamosi tulikuwa na ukurasa wa kwanza tu. Nikafungua wa pili, nikakuta maelezo: zidisha alama ya kila somo kwa uzito wake, jumlisha yote, kisha gawanya kwa jumla ya uzito.

Nikayasoma mara ya pili. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa najua! Chuo nilichosoma mimi mwenyewe, kule nyumbani, GPA ilipigwa kwa uniti za kila somo. Miaka mitatu nilipigiwa hivyo! Siku ile ya Jumamosi nilikuwa na haraka, na baadaye nikawa na hasira, basi.

Nikamjazia Egide fomu yake sawasawa, kwa uzito, kila kitu mahali pake. Alipoondoka nikatoa simu, nilikuwa nimepiga picha matokeo ya Neema. Nikazidisha. 7864. Nikagawanya kwa 120.

Sitini na tano na nusu.

Mtoto alikuwa amefaulu. Baba yake alikuwa sahihi tangu mwanzo. Na fomu ilikuwa inafungwa Ijumaa saa kumi jioni. Siku mbili nzima zilikuwa zimebaki!

Nikatafuta jina la Papa Neema kwenye simu. Nikalitazama. Nikaanza kufikiria nitasemaje. Kwamba yule fundi wa suruali alijua nisichojua? Jumamosi ijayo ukumbi ungejaa kicheko tena, na safari hii ningechekwa mimi. Nikaiweka simu mfukoni. Nikajiambia huenda wangemkataa tu, nusu alama ni nini. Nikajiambia ataomba mwakani. Uongo mtupu, na nilijua ni uongo wakati najiambia!

Sasa sikieni hili. Alhamisi saa nne asubuhi, simu ikaita. Papa Neema mwenyewe!

"Profesa, suruali yako imeisha. Pita uchukue."

Alikuwa ananishonea suruali ya kazini, zawadi, kwa kuwa nawasaidia watoto. Nikamwambia asante Papa, nitapita wiki ijayo, nimebanwa. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Akasema sharp, yaani sawa, akakata simu.

Mdomo ulikuwa wangu, simu ilikuwa mkononi mwangu, na mwenye haki alikuwa sikioni mwangu. Nikazungumzia suruali!

Ijumaa saa kumi ikapita nikiwa chumba cha walimu nasahihisha madaftari. Nilisahihisha makosa ya watoto wa watu mpaka yakaisha.

Februari Neema hakujisajili. Ada haikuwepo. Ufadhili ule nao hautolewi kwa mtu aliyekatisha masomo, kwa hiyo ile "mwakani" yangu ikafa hapo hapo. Ndugu yao ana spaza, kiduka cha mtaani, kule Soweto, akampeleka akae dukani auze mkate na vocha. Mhandisi wangu huyo!

Machi Egide akapata jibu. Amepewa. Kijana wa watu kwa furaha yake akampigia Neema, akamweleza namna Profesa alivyomzidishia kila somo kwa uzito wake. Hakujua anasema nini. Neema akachukua karatasi yake, akazidisha mwenyewe.

Jumapili mchana mlango wangu ukagongwa. Alikuwa Papa Neema, peke yake, na suruali yangu imekunjwa kwenye gazeti. Akaiweka mezani. Hakukaa.

"Egide ulimujazia fomu siku gani?"

"Jumatano."

"Na fomu ya Neema ilifungwa siku gani?"

"Ijumaa, Papa."

"Mi nilikupigia Alhamisi."

"Ndiyo, Papa."

Akavua miwani akaifuta kwa shati, taratibu, muda mrefu. Natamani angenipiga ngumi. Kweli kabisa, ningempa na shavu la pili.

"Kukosea, mi pia nakosea," akasema. "Nikikata nguo ya mutu mubaya, namuita, namuonyesha. Ananitukana, halafu tunatafuta kitambaa ingine. Weye ulinyamaza."

Nikaanza kulia, nikamwambia nisamehe, nitafanya chochote.

"Basi fanya kimoja. Jumamosi simama pale mbele ya batu, useme vile ilikuwa. Si ju yangu mimi, bana. Ju ya Neema. Ile siku aliniambia niwache. Sasa hawezi kuniangalia kwa macho. Anasema ni yeye aliharibu."

Nikamwambia nitasimama. Nikamwapia.

Sikwenda. Jumamosi hiyo sikwenda, wala iliyofuata. Sasa ni 2019, na sijakanyaga ukumbi ule tena. Nikiwaona watu wetu mtaani nahamia upande wa pili wa barabara kama mwizi. Fomu hakuna anayewajazia vijana, kwa hiyo hata wale niliokuwa nawasaidia kweli nimewatupa. Nilikuwa na baba katika mji huu nisio na ndugu, sasa sina.

Na mnajua mzee anawaambia nini watu wakimuuliza Profesa yuko wapi? Egide ndiye aliyenisimulia. Anawaambia, "Iko na kazi mingi." Ananifichia! Mimi! Nikikumbuka hilo nataka kuvunja kitu, na cha kuvunja ni mimi mwenyewe.

Sasa nyinyi mnaosaidia watu kujaza fomu, nyinyi mnaoitwa profesa na daktari na mheshimiwa kwenye mikutano ya watu wetu: someni ukurasa wa pili! Na mtu asiye na cheti akiweka kidole kwenye karatasi, acha kumtazama yeye, tazama kidole kimeshika wapi. Nanyi vijana, msimnyamazishe mzazi kwa sababu ya Kifaransa chake au Kiswahili chake. Anaweza kuwa ndiye pekee chumbani anayekutakia mema bila kutafuta sifa.

Neema, kama gazeti hili linafika Soweto: ulimwambia baba aache kwa sababu ulikuwa unaniamini mimi. Hukuharibu chochote. Niliharibu mimi Jumamosi, nikaharibu tena Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, na ninaendelea kuharibu kila Jumamosi ninayobaki nyumbani. Hata haya nimeyaandika bila jina kwa kuwa bado ni mwoga, na najua kabisa kwamba baba yako hakuomba barua gazetini.

Na wewe msomaji, kama kuna mtu unamjua umemharibia na bado hajajua, usingoje upate maneno mazuri ya kuanzia. Hayapo, mimi nimeyatafuta mwaka mzima. Mpigie simu sasa hivi, kabla hajakupigia yeye akuulize kama umekula.