Torkjell na Neno Lililoachana

Torkjell Sæbønes simpendi, na sitajifanya nampenda eti kwa sababu binti yake Sunniva ameolewa na mwanangu Vebjørn. Hapa Skorvik watu humsalimia kwa heshima, akishapita wanakunja pua.

Alikuwa msahihishaji wa gazeti la hapa kwetu mpaka nywele zikamwisha. Kinorwe chetu hakisemi kitu "cha" kitu. Tunachukua majina mawili au matatu, tunayagandisha yawe neno moja refu kama kamba ya nanga. Neno likigota mwisho wa mstari inabidi likatwe kwa kistari, na mkataji alikuwa Torkjell. Maisha yake yote ana kichekesho kimoja tu, nacho nimekisikia karamu hadi karamu.

"Brannmannskap, kikosi cha zimamoto," anaanza, kidole juu. "Ukikata baada ya brann, una moto na una kikosi. Ukikata baada ya mann, skap peke yake ni kabati: umebaki na mzimamoto na kabati lake."

Kisha anacheka peke yake. Gazeti liliponunua mashine ya kukata maneno, aliacha kazi kwa hasira, na tangu hapo akaanza kuusahihisha mji.

Mimi nauza samaki. Siku moja niliandika kwenye ubao wangu "tunfisk biter", nikaacha nafasi katikati bila kufikiri. Torkjell akasimama mbele ya kaunta, foleni nyuma yake.

"Jorid, huyu jodari wako anauma?"

"Anauma nini?"

"Umeandika mwenyewe. Ukiyaunganisha, ni vipande vya jodari. Ukiyatenga, jodari anauma. Nivae glavu kabisa?"

Watu wakacheka. Nikamwambia, "Sema unataka kilo ngapi, la sivyo pisha wenzako." Hakununua kitu. Hakuwa amekuja kununua.

Sunniva alilelewa na mtu huyo. Insha zake zilisahihishwa na baba kabla mwalimu hajaziona, na zilikuwa nyekundu tupu. Mama yake alihamia Stavanger mapema, na simlaumu hata kidogo. Msichana alipobalehe aliacha kuandika kabisa. Ukimtumia ujumbe, anakupigia simu. Akaenda zake kiwanda cha meli kuchomelea vyuma, na huko wanamsifu.

Ndiyo maana nilishangaa alipoamua kuandika kadi zote za harusi kwa mkono. Alikaa jikoni kwangu, ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo, akaziandika moja moja. Kadi ya baba yake ndiyo aliyoirudia mara nyingi zaidi.

Kadi hiyo ikarudi kwa posta. Sunniva alikuwa ameandika "bryllups fest", harusi huku na sherehe kule. Torkjell alikuwa ameizungushia nafasi ile duara jekundu, na pembeni ameandika: "Hii s ya katikati ni gundi ya maneno mawili. Gundi haiachwi ikining'inia." Kama atakuja au hatakuja, hakusema.

Sunniva akampigia palepale, simu mezani, sauti tunaisikia sote.

"Baba, utakuja?"

"Kwenye lipi? Umeniandikia mambo mawili, sijui nimealikwa lipi."

"Baba, mimi kutwa naunganisha vyuma vya meli, na havijawahi kuachana. Neno moja limeachana, ndiyo iwe hivi?"

"Niletee kadi iliyo sawa, nitakuja."

"Siandiki tena," akasema, akakata. Kisha akaosha kikombe chake ambacho tayari kilikuwa safi.

Vebjørn alitaka kwenda kumtolea maneno mzee. Nikamwambia akae, nikaenda mwenyewe. Torkjell alifungua mlango akiwa na ndala za sufu miguuni.

"Mwanao anaolewa Jumamosi," nikasema.

"Najua. Nilichosema ni kweli."

"Hakuna aliyesema ni uongo. Nimekuja kuangalia kama una moyo au una kalamu tu humo kifuani."

"Tukilegeza, kesho kila mtu ataandika anavyotaka."

"Na wewe hiyo kesho utakula na nani?"

Alinitazama kama anayetafuta kosa katika sentensi yangu. Hakuliona, akafunga mlango.

Jumamosi Sunniva aliingia kanisani ameshikana mkono na Vebjørn kuanzia mlangoni, maana wa kumsindikiza hakuwepo. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu, nikaweka mkoba wangu juu yake ili watu wasikikodolee macho. Mchungaji alisema maneno mazuri, sikuyasikia.

Tulipotoka nje, huyo hapo, ng'ambo ya barabara, kando ya sanduku la posta. Suti nyeusi, tai, viatu vimepigwa rangi. Alikuwa amefika mpaka pale. Sunniva alimwona, akasimama, gauni limekusanywa mkononi. Sote tukasubiri avuke. Ni barabara nyembamba, magari hayapiti hapo, hata yule mbwa nusu kipofu wa mchungaji huivuka. Torkjell aliinua mkono nusu, akaurudisha mfukoni, akageuka na kwenda zake.

"Twendeni," Sunniva akasema. "Nyama inapoa."

Tulikula kondoo, tukala keki ya malozi, ile ya pete zilizopangwa juu kwa juu, mpaka ikabaki pete ya chini. Bibi harusi alicheza na kila aliyemwomba. Sikumwona akilia, ingawa nilikuwa namwangalia.

Torkjell hajaomba radhi mpaka leo. Picha za harusi hajaziulizia. Lakini Sunniva, ambaye ametuzidi mimi na baba yake kwa utu, kila baada ya wiki mbili humpelekea samaki, anamkaangia, anakaa naye wakila kimya. Eti juzi mzee alimwambia viazi vimeiva vizuri. Sunniva alinisimulia hilo akitabasamu, na mimi sikutaka kumharibia.

Samaki wa Torkjell nawafunga mimi. Namchagulia wenye miiba mingi.