Safari ya Nia-Nia Kuifuata Diploma ya Dorkasi

Kama ningalisema hapana siku ile, nisingalikuwa na safari hii ya kuwasimulia. Tulikuwa tumekimbia vita kule Djugu, tukapata nyumba ya kupanga hapa Bunia, na ndugu yangu mdogo alikuja akaketi juu ya kidumu cha maji kwa sababu viti havikutosha. Binti yake, Sifa, alikuwa ameanguka mtihani wa Leta, ule wa serikali wa kumaliza sekondari, na kabla ya kuurudia shule yao ikachomwa. Sasa shule moja kule Nia-Nia ilikuwa inatafuta mwalimu.

“Kaka, Dorkasi iko na lisansi ya univerisite tayari,” akaniambia. “Ile diploma ya sekondari inamusaidia nini tena? Inalala tu mu sanduku. Upatie Sifa, naye apate kula.”

Dorkasi ni binti yangu. Saa ile alikuwa kazini, na sikumngoja. Nilifungua sanduku lake mwenyewe, nikatoa diploma ya Leta, nikaitia mkononi mwa mdogo wangu. Tangu hapo Sifa akawa mwalimu kwa jina la Dorkasi. Si sisi wa kwanza kufanya hivyo, nami nilijiona nimesaidia ukoo.

Miaka tisa imepita, na mdogo wangu ni marehemu. Dorkasi ni asistanti sosiali, yaani mfanyakazi wa ustawi wa jamii, katika kambi za watu waliofukuzwa na vita, na mwaka huu alianza kuandaa dosie, faili la karatasi za kuomba masomo ya masta katika kazi hiyohiyo. Kila Jumapili baada ya ibada alinisomea barua yake ya maombi nimsahihishe, ingawa mimi niliishia sekondari. Kuna sentensi moja aliyoiandika upya mara nyingi: “Nataka kujifunza namna ya kumsaidia mtu bila kumwamulia.” Nilimwambia ni nzuri. Kisha akafungua sanduku kutafuta diploma ya sekondari, ambayo dosie iliitaka, na ikanibidi niseme.

Hakulia wala hakupaza sauti. “Papa, haukuniuliza,” akasema. Baadaye akaongeza: “Dosie inafungwa mwisho wa mwezi. Weye ulitoa, weye utaleta.”

Jumatatu asubuhi, Bunia. Nilipanda Fuso iliyobeba maharage, nikakaa juu ya magunia pamoja na wachuuzi. Mama mmoja wa vitunguu aliniangalia viatu, nilikuwa nimevipaka kiwi.

“Muzee, Nia-Nia unafuata nini? Bibi ya kuoa?”

“Ninafuata karatasi.”

“Karatasi? Bunia makaratasi imejaa, na weye unaenda kutafuta mu pori.”

Wakacheka wote, na mimi nikacheka nao, maana ilikuwa rahisi kuliko kueleza. Baada ya Komanda tulisimama kungoja msafara wa askari watusindikize. Tulingoja hadi mchana ukaisha, na siku ile hatukwenda mbele.

Jumanne, Mambasa. Tulifika tukiwa wekundu kwa vumbi. Mama mwenye nyumba ya wageni alinipa lituma ya moto, ndizi za kuponda, na samaki wa chumvi, akaniuliza nina watoto wangapi. Nilimjibu kwamba ninaye mmoja, Dorkasi, anayetaka kusoma masta. “Basi una bahati, muzee,” akasema. Nilimlipa nikaenda kulala, lituma ikabaki nusu.

Jumatano, Nia-Nia. Pale njia panda nilishuka na kuuliza nyumba ya mwalimu Sifa. Hakuna aliyemjua. Niliuliza kwa muuza mikate, kwa fundi wa pikipiki, hata kwa mlinzi wa kanisa. Mwishowe nikataja jina la binti yangu.

“Ah, Madame Dorkasi,” akasema fundi wa pikipiki. “Weye ni nani yake?”

“Baba yake.”

Akanitazama vizuri. “Ni kweli, pua ni ileile.”

Sifa alikuwa uani akisahihisha madaftari. Aliniona, akaacha kalamu nyekundu, akaja kunipokea mfuko. “Karibu, baba mukubwa.” Alinitengea maji ya kuoga kabla ya kuuliza lolote. Ana watoto watatu. Mume wake alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu, Bambu, na hajarudi.

Nilipomwambia nilichofuata, aliingia ndani akatoka na diploma iliyofungwa katika kitenge, katikati ya vipande viwili vya katoni. Haikuwa na hata kunjo moja.

“Nilijua siku moja mutakuja,” akasema. “Chukua, ni yake. Lakini baba mukubwa, ile masta, si itaomba diploma ipite kwanza ku biro ya masomo ya serikali, ipigwe muhuri?”

“Ndiyo, inaomba.”

“Basi biro itafungua kitabu ya walimu, itakuta Dorkasi moja anafundisha Nia-Nia, na mwingine iko Bunia. Mimi nitafukuzwa. Sikatai. Ninasema tu ujue.”

Sikuwa nimewaza mbali kiasi hicho, wala mara ya kwanza, wala mara hii.

Ijumaa, njiani kurudi. Toka Nia-Nia mpaka Epulu nilipanga kumpa Dorkasi karatasi yake na kunyamaza. Angepata masta, na habari ya Sifa angeisikia akiwa mbali. Lakini kunyamaza huko kungekuwa tena kumwamulia. Nilipovuka mto wa hapo Epulu nikaliacha wazo hilo.

Jumapili, Bunia. Nilimweleza yote. Aliniuliza kama anavyowauliza watu wa kambini, bila hasira: batoto ya Sifa iko na miaka ngapi, nani anawalisha, baba yao ametuma neno. Kisha akairudisha diploma katika kitenge.

“Ku biro sitaenda,” akasema.

“Na masta?”

“Papa, unanipatia kuchagua masomo yangu ao chakula ya batoto ya Sifa. Pale hakuna kuchagua. Weye ulimaliza kuchagua zamani.”

Wiki iliyofuata aliituma diploma Nia-Nia kwa Sifa, aendelee kufundisha nayo, kupitia dereva wa ile Fuso niliyoipanda. Mwezi ukaisha, dosie ikafungwa bila jina lake.

Nilichojifunza barabarani ni kwamba nilikuwa mkarimu kwa kitu kisicho changu. Dorkasi bado ananiletea dawa ya presha, bado anauliza kama nimekula. Lakini sanduku lake amelihamishia kwa rafiki yake, na Jumapili baada ya ibada hanisomei tena kitu. Ndiyo yangu ya siku ile ilimnyima binti yangu masomo aliyoyataka, na mimi ikaninyima imani yake. Bado tunaishi nyumba moja, na imani hiyo haijarudi.