Mjinga wa Mchezo wa Kisomo

Fundi cherehani wa Kagunga alisema kidogo, maana pini hazikumtoka mdomoni. Kila asubuhi alichuchumaa ufukweni karibu na Zefania mzito wa akili, kaka yake Melania, akimtazama anavyogeuza dagaa walioanikwa mchangani. Melania alinuna. Fundi ndiye angeigiza mjinga kwenye mchezo wa kisomo cha watu wazima, na aliyeigiza mwaka jana alitoa udenda, watu wakavunjika mbavu kwa kucheka. Siku ya mchezo fundi hakutoa udenda. Aligeuza dagaa mmoja mmoja, akiwapuliza mchanga, na alipoulizwa swali alifikiri kwanza, watu wakingoja. Kicheko kilianza, kikafa. Zefania akamnong'oneza dada yake, "Huyu kazi anaijua."