Betri za Kiti cha Wifi

Mume wangu mtaani wanamwita Mshale. Ni fundi redio kwa miaka thelathini sasa, na haamini kitu mpaka akione kwenye mshale wa mita yake ya umeme. Ukimwambia leo kuna joto, atakuuliza, umepima? Nimezaa naye watoto watatu, kwa hiyo ninachosema nakijua.

Dada yake mkubwa, wifi yangu, ni fundi cherehani na tunaishi naye. Miguu yake haifanyi kazi tangu utotoni. Alikuwa na kiti cha magurudumu cha umeme alichopewa kwa msaada, kikimpeleka kibandani kwake na kumrudisha, mpaka betri zake mbili zikafa. Kiti cha aina ile ni kizito na magurudumu yake ni madogo, huwezi kuyazungusha kwa mkono. Basi kila akitaka kusogea, anaita mtu. Kwenda jikoni, anaita. Kwenda chooni, anaita, na mmoja wetu anasimama pale pale kusubiri kumtoa. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, jamani, miezi minne! Hakulalamika, ila alipunguza kunywa chai na maji, na sote tulijua kwa nini.

Betri mpya bei yake haisemeki. Mshale akasema atazifufua zile zile. Akasimamisha rimu ya baiskeli juu ya meza yangu ya kulia, akaibandikia sumaku alizong'oa kwenye spika mbovu. Pembeni akaweka koili ya waya wa transfoma iliyoungua na transista ya televisheni iliyokufa. Akiwasha umeme, koili inaizungusha rimu, na kila sumaku ikipita mbele yake, umeme unaruka mara moja kuingia kwenye betri. Chaja ya kawaida inamimina, alinieleza, hii inagonga, na huko kugonga ndiko kunakobandua chumvi iliyoganda ndani. Mimi nilichoelewa ni kwamba meza yangu imetekwa.

Siku ya tatu mshale ukasoma volti kumi na mbili na pointi nane, betri zote mbili. Alishangilia hadi majirani wakaja kuchungulia. Akazifunga kwenye kiti, wifi akapanda, akasukuma kile kishikio cha kukiendeshea. Kiti kikaondoka vizuri kutoka kitandani, kikafika mlangoni, kikazima.

"Mbio za sakafuni huishia ukingoni," nikasema, na papo hapo nikajuta, maana niliuona uso wa mume wangu.

Majirani wakakumbuka kazi zao. Wifi akamtazama mdogo wake.

"Wewe Mshale, mimi nguo ya mtu siikabidhi kwa kuiangalia. Naushika mshono, nauvuta. Hizi betri ulizivuta?"

Betri iliyochoka ikipumzika inaweza kuonyesha volti zote, ila ukiitwika mzigo inaanguka. Fundi wa miaka thelathini alilijua hilo vizuri sana. Alitaka tu lisiwe kweli, na mimi sikumlaumu.

Kuanzia hapo akawa anazivuta. Anachaji siku nzima, kisha anaunga kila betri kwenye taa ya mbele ya gari na kukaa mbele ya saa ya ukutani mpaka mshale ushuke chini ya volti kumi na nusu. Mara ya kwanza ilikuwa dakika mbili. Kisha nne, kisha saba. Nyumba nzima tukawa tunauliza dakika kama watu wengine wanavyouliza habari za asubuhi. Zikafika kumi na moja. Kesho yake kumi na moja. Akabadilisha koili, akaongeza sumaku, akanigombeza mimi niliyekuwa napita tu. Kumi na moja. Kutoka kwetu hadi kibandani kwa wifi ni nusu saa ya kiti.

Jumamosi mchana akaenda kumwambia. Nilisimama nyuma yake, maana nilimwonea huruma.

"Dada, nimeshindwa. Nimevuta mara sita. Ni dakika kumi na moja tu, hazizidi."

"Kumi na moja?"

"Kumi na moja. Hazikufikishi hata njia panda."

"Nani amekuambia nataka njia panda?" Wifi alicheka mpaka akashika mbavu. "Kazi nitaletewa hapa hapa. Funga hizo betri, mdogo wangu, acha kunililia."

Akazifunga. Wifi akapanda, akasukuma kishikio, akashika korido. Sisi tukamfuata, mume wangu na mita yake mkononi. Mbele ya mlango wa choo akasimama, akageuza shingo.

"Nyie mnakwenda wapi? Hamna kazi?"

Tukarudi nyuma. Akaingia na kufunga mlango, tukasikia komeo. Akakaa humo muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji, na hakuita mtu.