Kikombe cha Jirani

Juzi nilipita Haltom City, hapa Texas, kwenye yale maghorofa tuliyofikia tulipotoka kambi ya wakimbizi, na mtu alikuwa anakaanga sambusa. Nikasimama kwenye ngazi, nikaogopa kama zamani. Utaniuliza, sambusa nazo zinatisha nini? Ngoja nikueleze.

Mwaka 2018, kila Jumamosi, jirani wa juu alikuwa anashuka na filamu ya Kihindi iliyotiwa sauti ya Kiswahili. Alikuwa Mrundi mwenzetu, akifanya kazi ghala moja na mama, na mama hakuwa na rafiki mwingine Texas nzima. Mama alikaanga sambusa na kuchemsha chai ya tangawizi, mimi niliosha vikombe. Nilizipenda Jumamosi hizo na nikaziogopa vilevile. Mama alikuwa ametuonya: mkiulizwa bibi alifanya kazi gani, semeni mkulima. Bibi alikuwa mfinyanzi. Sisi ni Watwa, na kwetu watu walinunua vyungu vya bibi lakini hawakugusa kikombe alichonywea.

Kisha simu ikaja kwamba bibi amefariki kambini. Mama hakumwambia mtu, maana waombolezaji wangeuliza ukoo. Alilia bafuni, bomba likiwa wazi, halafu akaenda kazini.

Jumamosi hiyo, kwenye filamu, msichana wa tabaka la chini alimiminiwa maji viganjani ili mdomo wake usiguse chombo. Jirani alifura kwa hasira.

"Watu gani hawa? Hawana hata huruma!" Alisema huku akifuta machozi.

Mama wa yule msichana alipokufa, asipatikane wa kumbeba, mama yangu alipiga yowe.

"Jamani dada, si filamu tu?" jirani alimuuliza.

Nilimkazia mama macho, nikiomba asiseme. Akasema.

"Mama yangu amekufa. Alikuwa mfinyanzi, dada. Sisi ni Watwa."

Jirani alimkumbatia. Kesho yake akaleta wanawake wa kanisani, wakasali rozari sebuleni kwetu. Nikashusha pumzi.

Jumamosi iliyofuata alishuka na filamu, na chupa yake ya maji. Sambusa alisema ameshiba. Ikawa hivyo kila wiki, hadi alipohamia mji wa Garland.

Mama hakumuuliza kamwe. Siku hizi filamu za Kihindi hatazami, na nyumba ile wanakaa wengine. Lakini wakati ule, kila Jumamosi alimimina vikombe viwili, na jirani akishaondoka alikipeleka cha pili jikoni, akainywa ile chai baridi yote, amesimama, ili nisijue kwamba haikuguswa. Nilijua.