Poda Kabla ya Gwaride

Mtanivumilia kwa tahajia, na kwa mwandiko huu unaopanda na kushuka kama ngazi mbovu. Mimi niliishia shule ya msingi, na hata huko Kiswahili hakikuwa somo. Nilikiokota kwenye saluni ya mama, katikati ya jiji la Durban, katika kelele za mashine za kukaushia nywele. Neno moja linanichukua muda. Lakini nimeona niandike mwenyewe, kwa sababu mama anaisimulia habari hii kwa kila mteja, na kila akiisimulia anajiongezea sehemu nzuri.

Mimi ni kadeti wa baharini. Si jeshi. Ni kikundi cha vijana wanaokutana kila Jumamosi karibu na bandari, wakifundishwa kupiga makasia, kufunga kamba na kutembea kwa mstari. Nilijiunga mwaka ule Kombe la Dunia lilipochezwa hapa kwetu. Mama aliwatangazia wateja kwamba binti yake ni askari wa maji. Wateja walinitazama mimi, mimi nikatazama sakafu, nikaendelea kufagia nywele.

Nilichokitaka ni cheo cha kwanza, kile cha beji ya nanga mkononi. Mwenye nanga anaongoza kikosi cha watu kumi. Asiye na nanga anaongozwa. Mimi, wa miaka kumi na sita, nilikuwa naongozwa na msichana wa miaka kumi na mitatu aliyeniita "wewe wa nyuma". Nilikuwa nimeshindwa mtihani mara mbili. Nikishindwa tena, sheria yao ni kusubiri mpaka mwaka mwingine, na mwaka mzima wa kuitwa "wewe wa nyuma" ni mrefu.

Kamba hazikunipa shida. Mtu aliyesuka nywele tangu utotoni hatishwi na fundo. Kilichonishinda ni sauti. Sehemu ya mwisho ya mtihani unasimama mbele ya kikosi na kukiamuru kwa Kiingereza: nenda, geuka, simama. Mara ya pili nilipoamuru wasimame, walinisikia wawili tu. Wengine walikwenda mpaka kwenye uzio wa waya, na kwa kuwa hawakuwa wameambiwa wasimame, wakaendelea kupiga hatua palepale, pua kwenye waya.

"Tumshukuru aliyejenga uzio," afisa wetu alisema. "Bila yeye sasa hivi tungekuwa tunawavua majini."

Mara ya tatu nilipita kamba asubuhi, nikapita na maswali ya mashua. Wakati wa chakula cha mchana nikampigia mama simu.

"Mama, nimepita kamba na maswali. Bado ukaguzi wa sare na gwaride."

"Umepita! Yesu asifiwe!"

"Nusu, mama. Bado..."

"Mutoto yangu, mtu akipita, amepita. Gwaride si kutembea tu? Nani anafeli kutembea?" Akakata simu.

Hapa lazima niwaeleze desturi yetu wale msiotoka Kongo. Kwetu Lubumbashi, matokeo ya mtihani wa mwisho wa sekondari yakitoka, aliyefaulu anamwagiwa poda kichwani, barabarani, mbele ya watu wote, mpaka anafanana na andazi lililoviringishwa kwenye unga. Mama amewamwagia watoto wa dada zake. Mimi ni mtoto wake wa pekee, na sikufika sekondari. Poda yangu alikuwa ameiweka moyoni miaka mingi.

Nilikuwa bado natafuna mkate nikasikia vigelegele getini. Mama amefunga saluni! Alikuja na wasusi wake wawili, pamoja na mteja aliyekuwa amesukwa upande mmoja tu, upande wa pili umesimama kama moshi. Mkononi mama alishika kopo la poda, lile la kupaka wanaume shingoni baada ya kunyolewa.

"Mama, tafadhali, sare ni ya..."

Sikumaliza. Sare yetu ni ya buluu nzito, karibu nyeusi. Viatu nilikuwa nimevisugua hadi najiona meno. Poda iliingia kila mahali. Mteja yule, kwa huruma, akalowanisha kitambaa na kunifuta, na poda ikawa uji. Filimbi ya ukaguzi ikalia.

Afisa alipita kwenye mstari akasimama mbele yangu. Akanusa.

"Hawu! Kadeti, umelala kwenye gunia la unga?"

"Hapana, afisa."

"Sare, sifuri. Ongoza kikosi, tumalize."

Nikawaamuru waende, wakaenda, kwa sababu amri ya kwanza walikuwa wanaijua hata bila kuisikia. Afisa akasimama pembeni akiandika alama. Ndipo nikamsikia mama akiwaambia wenzake: "Yule njo mwalimu wake! Hata yeye apate!" "Njo" ya kwetu ni "ndiye", na kwetu mwalimu aliyempitisha mtoto naye haachwi bila poda.

Akaingia uwanjani na kopo limeinuliwa, wasusi nyuma yake, nusu-kichwa nyuma ya wasusi. Afisa amewapa mgongo, kofia imenyooka. Niliuona mwaka wangu mzima ukimwagika.

"SIMAMENI!"

Kilitoka Kiswahili. Mama alisimama, mguu mmoja hewani. Wasusi wakasimama. Kikosi kikasimama, wote kumi, na hakuna hata mmoja kati yao anayejua Kiswahili. Nje ya uzio dereva wa lori alikanyaga breki.

Afisa akageuka taratibu, akalikuta kopo karibu na kofia yake.

"Hiyo lugha gani?"

"Kiswahili, afisa."

"Na hawa wanakijua?"

"Hapana, afisa."

Akakitazama kikosi muda mrefu. Hakuna aliyepepesa. Akaandika kitu.

"Tushushe miguu?" mama aliuliza kwa sauti ndogo.

"Bado," nikamwambia. Sijui nilipata wapi ujasiri huo. Mama mwenyewe mpaka leo ananiuliza.

Gwaride nilipita. Sare, afisa akaniambia nirudi Jumamosi ya pili nikiwa safi. Mama aliifua mwenyewe, akaipiga pasi mwenyewe, na siku hiyo alikaa nje ya geti, amekunja mikono, kwa amri yangu. Nikavalishwa nanga. Yule msichana wa miaka kumi na mitatu alinipigia saluti, kisha akaniuliza jina langu. Alikuwa halijui.

Sasa kuna cheo cha pili. Hicho hakitaki kelele. Kinataka usimame mbele ya kadeti wote uwafundishe somo moja, kwa kuzungumza tu, taratibu, huku wamekutazama. Kupiga kelele nimeweza mara moja nilipoogopa, kuzungumza bado. Nimeshaahirisha mara mbili, na afisa ameanza kuniuliza kila Jumamosi. Kama wewe unayesoma ni mwenye haya kama mimi, na uliwahi kusimama mbele ya watu ukamaliza sentensi zako zote, tafadhali niandikie ulivyofanya. Hasa niambie macho uliyaelekeza wapi.